Santuri ya "Laughing Stock" ya Talk Talk: je, hizi ni kasoro?

Swali, kutoka Shangani, Mtwara

Ndugu zangu wapenzi wa santuri, naomba ushauri. Nimepokea toleo jipya la "Laughing Stock", albamu ya mwisho ya kundi la Talk Talk la Uingereza, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1991. Sahani ilisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam wakati wa joto kali, na sasa nina wasiwasi. Upande wa kwanza unaanza kwa mvumo hafifu kabla gitaa halijasikika, na wimbo wa pili, "Ascension Day", unakatika ghafla kana kwamba umeme umezimika, ilhali taa zinawaka na sahani ingali inazunguka. Je, imeharibiwa na joto? Niirudishe kwa aliyeniuzia?

Jibu, kutoka Lindi

Usiirudishe kwa sababu hizo mbili, ndugu yangu. Mvumo huo umo kwenye rekodi yenyewe, na wimbo huo umekatwa makusudi unapotimiza dakika sita. Sikiliza nakala ya intaneti na utaukuta ukikatika mahali pale pale.

Mark Hollis, mwimbaji wa kundi, na mtayarishaji Tim Friese-Greene waliirekodi albamu hii katika studio ya Wessex, London, ndani ya chumba kilichotiwa giza. Wanamuziki waliachwa wapige kwa kubuni papo hapo, kisha sehemu kubwa ya walichokipiga ikatupwa, na kilichosalia kikazungukwa na ukimya. Waliolipenda kundi hilo kwa vibao vya miaka ya 1980 kama "It's My Life" hawakuutambua muziki huu, na kwa kuwa wakati huo sidii zilikuwa zimekwisha kuipiku santuri, nakala za kwanza za santuri hazikuwa nyingi. Ndiyo maana nilifurahi sana kampuni ya Ba Da Bing ya Marekani ilipoitoa tena kwa santuri mwaka 2011. Hollis alifariki mwaka 2019, na kwangu hii ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote.

Jibu, kutoka Mikindani

Nakubaliana na ndugu wa Lindi kuhusu kasoro hizo mbili, lakini joto la basi nisingelipuuza. Inama hadi macho yalingane na ukingo wa sahani inapozunguka. Ikiwa mkono wa sindano unapanda na kushuka, sahani imepinda. Kisha sikiliza milio midogo. Sahani ya mizunguko 33 na theluthi moja kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8, kwa hiyo mkwaruzo hutoa mlio unaorudi kwa mwendo huo huo, ilhali mvumo wa rekodi ni wa mfululizo.

Usitumie "After the Flood" kama kipimo. Wimbo huo una sauti moja inayokwaruza kwa muda mrefu, nao uko mwishoni mwa upande wa kwanza, karibu na kitovu, ambako sindano hupata shida zaidi kuifuata mifereji. Kusema kweli, kwa muziki mtulivu kiasi hiki, na kwa vumbi letu la pwani, mimi huisikiliza albamu hii kwa sidii.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Ukingo umenyooka na mkono wa sindano umetulia. Hata hivyo, upande wa pili, mwanzoni mwa "Taphead", pale ambapo gitaa linasikika kwa mbali, upo mlio mdogo unaorudi kila mzunguko, na kwenye nakala ya intaneti haupo. Nitaisafisha kwa kitambaa laini na maji yasiyo na chumvi. Mlio usipoondoka, nitamwandikia muuzaji na kuomba nakala nyingine ya santuri, maana sidii siitaki.