Naomba ushauri: fidia ya ajali ya pikipiki, tusaini au tusubiri?

Habari zenu ndugu. Mdogo wangu alikuwa abiria kwenye pikipiki iliyogongwa kwa nyuma na gari dogo, akavunjika mfupa wa paja na kuwekewa chuma. Dereva wa gari alikiri kosa mahakamani akalipa faini, lakini faini ile imekwenda serikalini na majeruhi hakuambulia kitu.

Sasa kampuni ya bima ya gari hilo imetuletea hati ya makubaliano: watarudisha gharama za matibabu kwa risiti tulizonazo, nasi tutamke kwamba hatuna madai mengine yoyote. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayonitia hofu, kwa sababu chuma bado hakijatolewa, goti halikunji, na useremala wake, ambao ni kazi ya kusimama kutwa, umekwama tangu siku ile.

Je, tukisaini tutakuwa tumejifungia mlango wa kudai kipato alichopoteza pamoja na maumivu? Na nakala ya hukumu ya kesi ya trafiki inaweza kutumika kama ushahidi katika shauri la madai? Ramani ya ajali na ripoti ya daktari tunazo. Naomba pia kufahamishwa ukomo wa muda wa kufungua shauri, maana miezi inakwenda.