Mrejesho: taa ya presha ya matairi imezima

Wakuu, mimi ndo yule niliyeuliza kwa nini taa ya presha haizimi tangu nibadilishe rimu na matairi yote manne, na upepo nimejaza sawa. Aliyeniambia niangalie taa inavyowaka Mungu ambariki, kweli nikiwasha gari inapepesa kama dakika nzima ndo inatulia ikiwa imewaka, kumbe hiyo sio upepo mdogo, ni gari haizisomi sensa, yaani vile vifaa vidogo vya kupima presha vilivyo ndani ya kila tairi. Kila sensa ina namba yake, na kompyuta ya gari ilikuwa bado inatafuta zile za rimu za zamani! Na mimi kila siku nabonyeza kitufe cha riseti, ambacho kwenye gari yangu kinaweka kiwango cha presha tu.

Fundi kaja na kifaa kidogo, anakisogeza kwenye vali, kinalia, namba inatokea, tairi moja moja, halafu akaziingiza namba hizo kwenye kompyuta kupitia soketi ya chini ya usukani. Asubuhi matairi yakiwa bado ya baridi nikapima upepo, nikabonyeza riseti mpaka taa ikapepesa mara tatu. Tangu juzi haijawaka, asanteni sana.