Nataka kuongeza misamiati ya Kiingereza kwa kusoma tamthilia, ila huyu Lakunle ananimaliza

binti_mapokezi aliandika:

Habari za jioni wakuu. Niko mapokezi kwenye hoteli moja hapa Arusha. Kiingereza cha karibu sana, chumba chako kiko ghorofa ya pili, chai ya asubuhi inaanza saa ngapi, hicho hakinisumbui, shida ni pale mgeni anapoanza kupiga stori zenyewe, siasa, ndoa, mambo ya kwao, hapo nabaki kutabasamu na kutikisa kichwa tu. Rafiki yangu mmoja akaniambia achana na kozi, soma tamthilia, maana mule watu wanaongea mwanzo mwisho hakuna maelezo marefu ya mandhari kama riwaya. Nikaipata The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka kwa wauza vitabu vya mtumba, ile ile ya form three na four, enzi zetu darasa zima tulikua na nakala moja, ya ticha.

Sasa jamani. Sidi, yule mrembo wa kijiji, namuelewa vizuri tu, Baroka, yule chifu mzee, naenda naye taratibu, lakini huyu mwalimu Lakunle kila akifungua mdomo na mimi nafungua dikshenari. Kuna sehemu anaiponda mahari, anamwaga maneno 15 mfululizo bila kupumua, barbaric, archaic, retrogressive, unpalatable, mpaka Sidi anamuuliza vipi, mfuko umeisha, mbona umenyamaza? Nimeanza kuyaandika kwenye daftari na maana zake kwa Kiswahili, ila kila nikitafuta napata yale yale, baya, la kizamani, la aibu, basi.

Naombeni msaada, niandike kila neno nisilolijua au niruke? Na hiki Kiingereza cha maigizo kitanisaidia kweli nikiwa kaunta au nitachekwa? Halafu mbona mistari mingi imekatwa katikati kama shairi, hapo ndo nachanganyikiwa zaidi.

mwl_chaki alijibu:

Binti funga daftari kwanza, umefika penye utamu wa kitabu chenyewe. Angalia Lakunle anajibu nini baada ya Sidi kumuuliza kama mfuko umeisha: anasema ana dikshenari ndogo tu, ila kubwa ameshaiagiza, subiri uone. Soyinka anamcheka mtu aliyebeba maneno kwa orodha! Yaani orodha ile ile unayoihamishia kwenye daftari imewekwa pale watazamaji wacheke.

Sasa irudie hiyo orodha neno moja moja uone vituko. Humo ndani kuna remarkable. Hilo sio tusi hata kidogo, mgeni akikwambia huduma yenu ilikuwa remarkable anawasifia. Kuna excommunicated, hilo ni la kanisani, muumini anatengwa, sasa mila inatengwaje na kanisa? Kuna redundant, kitu kilichozidi kisicho na kazi tena, na Waingereza wanalitumia sana mfanyakazi akipunguzwa kazini. Kwahiyo ukiyajaza yote daftarini kwa maana ya "baya" umeshapotea, na Lakunle mwenyewe keshapotea zamani, anachota tu chochote kilicho karibu ili Sidi aone kasoma.

Mimi wanafunzi wangu nawaambia kabla hujashika kamusi jiulize nani anaongea, anamwambia nani, anataka nini. Lakunle anamtaka Sidi na hataki kutoa mahari. Ukishalijua hilo tu nusu ya maneno yake yanajifungua yenyewe. Mfano mzuri ni chattel, neno ambalo hata mimi silitumii mtaani. Lakunle anasema kulipa mahari ni sawa na kwenda kununua mtamba gulioni, wewe Sidi utakuwa chattel wangu, property yangu tu. Umeona? Ng'ombe yupo kabla yake na property imekuja nyuma yake, kamusi ya nini hapo? Maneno ya namna hiyo ndo ya kuandika, na uandike sentensi nzima pamoja na jina la aliyeisema, sio neno tupu.

Kuhusu mistari, sehemu kubwa ya maongezi imeandikwa kishairi. Usisimame mwisho wa mstari, soma mpaka ukutane na nukta. Watu wengi wanaona Kiingereza kigumu kumbe wanapumua mahali pasipo.

mzee_wa_kazi alijibu:

Mnampoteza dada wa watu. Kitabu kimeandikwa mwishoni mwa miaka ya 50, kimetoka 1963, kijiji cha Wayoruba huko Nigeria, wewe uko kaunta Arusha na Mjerumani kakosa maji ya moto, utamwambia retrogressive? Ingia YouTube kuna video kibao za Kiingereza cha hotelini, bure, unasikia na matamshi juu. Tamthilia waachie wanaofanya mtihani. Na Soyinka ana Nobel tangu 1986, mtu wa kiwango hicho haandiki ili wewe ujifunze kusema good evening.

bi_cherehani alijibu:

Mie nakubishia hapo mzee, na nakubishia kwa kazi yangu. Mie fundi wa nguo huku Unguja, kitabu hiki alikuwa nacho mwanangu nikakichukua jioni nikakisoma, unajua kilichonifunza nini? Si maongezi. Ni yale maelezo ya jukwaani yaliyoandikwa kwa herufi za kulala, ambayo watu wanayaruka.

Shoga angu binti_mapokezi fungua pale Lakunle anapotokea mara ya kwanza. Anaelezwa mavazi yake mpaka unamuona: suti ya Kiingereza ya kizamani, imelika lakini haikuchanika, safi lakini haikupigwa pasi, inambana saizi moja au mbili hivi, tai imefungwa kifundo kidogo kikazama ndani ya kizibao cheusi kinachong'ara, suruali imeachwa upana chini inchi 23, na miguuni raba za tenisi zilizopakwa weupe. Sasa mwandishi kasema threadbare but not ragged. Hiyo but ndiyo mwalimu wako! Threadbare ni kitambaa kilicholika mpaka uzi wake unauona, unaweza kukipitishia kidole ukakuta kimebaki kama chandarua, lakini hakina tundu. Ragged ndiyo matambara yenyewe, kimechanikachanika. Mie wateja wangu wa kizungu wanaleta nguo wananambia haya maneno mawili na bei yake si moja, ya mwanzo nakataa kuitia mkono maana sindano itamaliza kazi, ya pili naweka kiraka.

Na mzee unasema hotelini hayahitajiki? Mgeni akishuka akalalamika taulo zenu threadbare, utampelekea nini, uzi na sindano?

Halafu maelezo yale yameandikwa kwa wakati uliopo, sentensi fupi fupi, mtu anaingia, anageuka, anachungulia, anajifanya hasikii. Vitendo vya kila siku hivyo. Wallahi vina faida kuliko hotuba zote za Lakunle.

setbook_survivor_254 alijibu:

Sasa wadau, niko Nairobi. Huku kwetu tumekua na tamthilia kwa mtihani wa form four miaka nenda miaka rudi so hii story naijua. Mi naongeza kitu moja, SOMA KWA SAUTI. Tamthilia ukiisoma kimya ni nusu tu, maneno yanapita kwa macho yanatokea upande ule mwingine. Chukua simu, rekodi line za Sidi na sauti yako, acha gap ya kumjibu, kesho yake icheze uwe Lakunle. Ukifika kwa neno huwezi kutamka utajua tu, ulimi utakwama, hilo ndilo la kutafuta kwa dictionary yenye inasoma kwa sauti.

Ingine, chunga sana unaiga nani. Sisi tulisoma Betrayal in the City ya Francis Imbuga, ile ilipelekwa FESTAC, tamasha la sanaa za Waafrika, kule Lagos 1977. Kuna jamaa mle anaitwa Mulili, ni binamu ya Boss, mtawala wa hiyo nchi, Kiingereza chake kimevunjika kabisa. Ule msemo wa Wazungu wa nyoka kwa nyasi, yaani adui amejificha, yeye anaugeuza mpaka nyasi ndio zinaingia ndani ya nyoka. Darasa lilikuwa linaanguka. Sasa mtu hajui ni joke anaandika hiyo kwa insha na anaitetea, ati iko kwa kitabu. So kabla uchukue sentensi uliza kwanza wenzake jukwaani wanamchukulia aje huyu mtu. Baroka ukiangalia anaongea pole pole, anasifia, anapiga methali, na mwisho wa siku ndiye anambeba Sidi, Lakunle na dictionary yake anaachwa kwa mataa.

binti_mapokezi alijibu:

Asanteni sana jamani. Bi cherehani nimecheka hiyo ya taulo maana kuna za kwetu kweli zimefikia hapo 😂 Nimerudi kwenye maelezo ya mwanzo nimeyasoma taratibu, kumbe hata ile Sidi kuingia na ndoo kichwani na Lakunle kutoka mbio kwenda kumpokonya nilikua nimeiruka, ndo maana sikuelewa kwanini anamlaumu kubeba mizigo kichwani.

Swali la nyongeza, mwl_chaki, kuna ile sehemu wanacheza ngoma ya msafiri aliyepotea, yule mpiga picha aliyeharibikiwa na gari. Ni ukurasa na zaidi maelezo matupu, hakuna anayeongea. Hiyo niiruke?

mwl_chaki alijibu:

Usiiruke, hiyo ndo ya bi_cherehani hiyo. Ila isome umesimama. Nina maana hiyo hiyo, simama chumbani ufanye kila kinachoandikwa, wanaocheza matairi ya gari wanazunguka, gari linakohoa, linazima, dereva anashuka anachungulia injini, anachukua kamera yake na chupa. Kitenzi ukikifanya kwa mwili hakitoki. Majirani wakiuliza waambie uko mazoezini.

Na kama bado unaona kizito, pumzika kidogo na Three Suitors: One Husband ya Oyono-Mbia wa Kameruni, nayo ni mahari tupu. Iliandikwa kwanza kwa Kifaransa, Kiingereza chake chepesi na cha kuchekesha. Mkulima katoa laki moja, mtumishi wa serikali kaja na laki mbili, na Juliette, binti anayeposwa, mwenyewe hajaulizwa. Hesabu pekee inakuvuta mpaka mwisho. Ukimaliza hiyo rudi kwa Lakunle.

setbook_survivor_254 alijibu:

Tufanye group ya WhatsApp basi, kila jioni ukurasa mmoja mmoja kwa voice note. Mi nachukua Baroka, nina sauti ya mzee wa miaka 62.

bi_cherehani alijibu:

Mie Sadiku, yule mke mkubwa wa Baroka. Kile kicheko chake nakiweza.

binti_mapokezi alijibu:

Sidi ni mimi hapo hakuna mjadala. Lakunle nani?

mzee_wa_kazi alijibu:

Nipeni mimi. Kiingereza kigumu sikitaki ila na mahari pia sitaki kutoa.