Siku ya mwisho Uturuki: twende Edirne ama tupumzike?

Salaam ndugu zangu, naombeni ushauri.

Sisi ni kina mama wa chama kimoja hapa Kibokoni, Mombasa. Tunaenda Uturuki kwa ziara ya misikiti ya Sinan, yule mjenzi mkuu wa masultani wa Uthmaniya. Siku za mwanzo sina neno nazo. Inayoniumiza kichwa ni ya mwisho: tutoke hoteli alfajiri na mabegi yetu, basi hadi mji wa Edirne tuuone msikiti wa Selimiye, kisha moja kwa moja uwanja wa ndege, na ndege yenyewe usiku wa manane. Edirne iko karibu na mpaka wa Bulgaria, kama kilomita 240 kutoka Istanbul!

Na hapo tutakuwa tushachoka. Msikiti wa Suleymaniye wa huko Istanbul, uliokamilika 1557, uko juu ya kilima, njia zake ni kupanda na kushuka, si tambarare kama huku kwetu. Mama mkwe wangu ana magoti. Ngazi za barazani tu huzipanda kwa kushika ukuta. Lakini ndiye anayeutaka Selimiye kuliko sote, maana ameshasikia kwamba Sinan aliuhesabu kuwa kazi yake bora.

Mliokwenda, Edirne yaweza kusogezwa katikati ya ziara bila bei kuruka? Ama tulipie chumba siku ile, wenye nguvu waende peke yao? Na huyo mama nitamwambia nini? Wakala nikimuuliza hunijibu, "Mtalala ndani ya basi." Malipo ya mwisho ni wiki ijayo.