Mjadala: Je, mtoto wa miaka 10 ajibu shtaka la jinai?

Mtoa mada

Kifungu cha 15 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara kinasema kwamba mtu aliye chini ya umri wa miaka 10 hawajibiki kijinai kwa tendo lolote. Aliyetimiza 10 lakini hajafikisha 12 naye hawajibiki, isipokuwa ithibitishwe kwamba alipotenda alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hakupaswa kutenda hivyo. Akishatimiza 12 kinga hiyo imekwisha, ingawa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 bado inampa mahakama yake, inataka afisa ustawi wa jamii ahudhurie shauri lake, na inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo gerezani.

Naona umri wa miaka 10 ni mdogo mno, na ninapendekeza upandishwe hadi 14. Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa ilisema mwaka 2007 kwamba kiwango kilicho chini ya miaka 12 hakikubaliki, na mwaka 2019 ikazihimiza nchi zifike angalau 14. Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ziko kwenye 14, Uganda iko kwenye 12, na Kenya, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa nyuma yetu kwa kushikilia umri wa miaka 8, ilitupita mwaka 2022. Tunayemzungumzia hapa ni mtoto wa darasa la nne. Karibuni.

Mchangiaji kutoka Dar es Salaam

Ndugu mtoa mada, sisi ambao mitaa yetu ilivamiwa na makundi ya vijana wahalifu waitwao Panya Road tunaisoma hoja yako kwa mashaka. Miongoni mwa waliokuwa wakipita na mapanga walikuwamo vijana wadogo ambao hata ndevu hawajaota, na nyuma yao walikuwapo wakubwa waliojua kwa nini wanawatanguliza wadogo. Ukitangaza kwamba wa miaka 13 hashtakiwi, mhalifu mzoefu atamtafuta huyohuyo wa 13 ili ampitishe dirishani. Tena kuna jambo ambalo watetezi wa haki za mtoto hawaligusi: aliyejeruhiwa na aliyetoa ushahidi wanaishi mtaa mmoja na mtoto huyo, na jioni ileile wanakutana naye dukani. Majeraha hayapungui kwa sababu aliyeyasababisha ni mdogo. Sheria ibaki ilivyo.

Mtoa mada

Kuhusu wanaowatuma watoto, sheria haikulala. Kifungu cha 22 cha Kanuni hiyohiyo kinamhesabu kuwa mkosaji mkuu yule anayemshawishi au kumtuma mwingine atende kosa, kwa hiyo kinga ya mtoto haimfuniki aliyemtuma. Kama wakubwa hao hawakamatwi, tatizo liko kwenye upelelezi, na kumshtaki mtoto hakutalitibu. Pengine kunampa mpelelezi njia rahisi ya kufunga jalada. Hoja ya shahidi naikubali, na sina jibu kamili. Ninachojua ni kwamba kutomshtaki mtoto si kumwacha arudi mtaani bila kuulizwa. Sheria ya Mtoto ina utaratibu wa mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi, na afisa ustawi anaweza kuanzia hapo pasipo hati ya mashtaka.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Naomba kufafanua kuhusu Kenya, kwa kuwa mfano wetu hutajwa sana na kuelezwa nusu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 haikuruka moja kwa moja hadi 14. Kifungu cha 221 kinasema aliye chini ya 12 hawajibiki, na kwamba aliye chini ya 14 huchukuliwa kuwa hawezi kutofautisha jema na baya mpaka mahakama iridhike vinginevyo. Sheria hiyo pia iliweka njia ya kuyaondoa mashauri ya watoto kwenye mkondo wa kesi na kuyamaliza kwa kuomba radhi, kulipa kilichoharibiwa au kupewa ushauri nasaha.

Kwa maoni yangu mjadala unashikilia namba kupita kiasi na kusahau lile neno "isipokuwa" alilolitaja mtoa mada. Mzigo wa kuthibitisha uwezo wa mtoto uko kwa upande wa mashtaka. Lakini uthibitisho wenyewe hupatikana vipi? Njia ya mkato ni kumuuliza mtoto kama anajua kwamba kuiba ni vibaya. Atajibu "ndiyo", kwa sababu mtoto aliyesimama mbele ya mtu mzima aliyeketi kwenye kiti kirefu hujibu "ndiyo" kwa karibu kila swali. Kujua kwamba mama atakasirika si sawa na kuelewa uzito wa kosa, na jibu la neno moja haliwezi kutenganisha mambo hayo mawili. Panahitajika maelezo ya mwalimu wake, ripoti ya maisha yake ya nyumbani, na mtu mwenye ujuzi wa kuzungumza na watoto. Pasipo hayo, kinga iliyo kwenye karatasi huyeyuka kwa swali moja, iwe imewekwa hadi 12 au hadi 14.

Uingereza, iliyotuachia kanuni hizi, yenyewe imeiacha kinga hii. Baada ya wavulana wawili waliokuwa na miaka 10 walipotenda kosa kupatikana na hatia ya kumuua mtoto mdogo mwaka 1993, hasira ya umma ilikuwa kubwa, na mwaka 1998 Bunge liliondoa dhana kwamba watoto wa miaka 10 hadi 14 hawana uwezo wa kujua kuwa wanatenda kosa. Mwaka uliofuata Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba wavulana hao hawakutendewa haki, kwa kuwa kesi iliendeshwa hadharani katika mahakama ya watu wazima na hawakuweza kushiriki ipasavyo kujitetea. Scotland ilitunga sheria ya kufika 12 mwaka 2019; England imebaki kwenye 10.

Mchangiaji kutoka Unguja

Kwetu Waislamu kipimo cha asili si mwaka bali baleghe: kalamu haimwandikii mtoto dhambi mpaka abaleghe. Nakiri kwamba dola haiwezi kumpima kila mshtakiwa kwa njia hiyo, na namba moja ni rahisi kuisimamia. Hata hivyo, 10 iko chini ya umri ambao watoto wengi hubaleghe, hivyo sioni tunaitetea kwa mila ipi.

Mchangiaji kutoka Mbeya

Wakati mnabishania 10 na 14, kumbukeni watoto wasio na cheti cha kuzaliwa. Umri wa mtoto wa namna hiyo hutafutwa kwenye kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au kumbukumbu ya bibi yake, na kadi ikiwa imepotea, anayemkamata hukadiria kwa kimo. Sheria inaitaka mahakama ichunguze umri palipo na shaka; uchunguzi huo ufanyike kabla mtoto hajaulizwa kama anakiri kosa. Isitoshe, shule ya maadilisho, wanakopelekwa watoto waliotiwa hatiani, tunayo hapa Irambo, na mahabusu za watoto ziko katika mikoa michache. Mtoto wa wilaya ya mbali analala wapi siku ya kwanza?

Mchangiaji kutoka Dar es Salaam

Swali la Mbeya limenigusa kuliko takwimu za majirani. Naweza kukubali 12, kwa sharti kwamba sheria iseme wazi nani anamchukua mtoto siku hiyohiyo na nani anamlipa aliyeumizwa, kwa kuwa tayari mahakama ya watoto inaweza kumwamuru mzazi alipe fidia, na amri hiyo itafutiwe njia ya kufanya kazi hata pale mtoto asiposhtakiwa. Kuhusu 14, bado sijashawishika.