Kikao cha wenye majumba ya zamani ya sinema Tabora: hotelini au ghalani?

Kijana wa Isevya
Wakubwa shikamooni. Babu aliniachia jumba la sinema hapa mjini Tabora. Sinema yenyewe ilikufa zamani, tangu nipate akili ni ghala la mahindi. Sakafu ya mteremko ilijazwa kifusi ili magunia yakae sawa. Viti vya mninga vimebaki safu mbili tu, kule juu walikokaa wenye hela. Chumba cha projekta ni cha popo. Ukifungua saa kumi na mbili jioni, inama.

Wamarekani wana umoja wao wa kumbi za maonyesho za zamani, League of Historic American Theatres, tangu 1976. Kila mwaka wanakutana na kuingia kumbi zenyewe, wanazikagua. Nikasema, kwani sisi tumekosa nini? Nimeshapata wenzangu wa Kigoma, Tanga na Moshi. Wao wanataka hoteli na makabrasha, mimi nataka tukae humu humu ghalani. Nakosea? Na siku ya kwanza tuanze na nini?

Fundi Chokaa
Paa. Mapazia baadaye. Na kuta zilizojengwa kwa chokaa usizipige saruji, nakuomba. Unyevu ukikosa pa kutokea unabaki ukutani, plasta inavimba, mvua za pili unaiokota chini. Kuna tajiri Ujiji nilimkatalia kazi ya namna hiyo, akampata mwingine. Siku hizi ananipigia simu mimi.

Mgosi
Popo nao wanalipiwa posho?

Bi Mkubwa wa Vuga
Marahaba mwanangu. Kaeni humo humo, lakini kwanza hesabu milango. Ukumbi wa maonyesho wa Iroquois, Chicago, ulikuwa mpya kabisa, haujatimiza hata miezi miwili, ulipoungua 30 Desemba 1903. Walikufa watu 602, wengi wakisukumana kwenye milango iliyofungwa. Huku kwetu Zanzibar nako sinema ya Majestic ya kwanza iliungua, hii mnayoiona ni ya miaka ya 1950.

Halafu huko kwa popo, ukikuta makopo ya filamu usiyafungue, wala asiingie mtu na sigara. Filamu za kabla ya miaka ya 1950 nyingi ni za naitreti, plastiki ya zamani inayowaka upesi. Zikishika moto, hata maji hayazimi.

Mgosi
Haya, sasa bila utani. Wamarekani hao huuza majina ya viti: unachangia, jina lako linabandikwa kibao kitini. Safu mbili za mninga hizo ni mtaji, usiwape mafundi wakatengenezee meza.

Kijana wa Isevya
Nimetoka kuhesabu sasa hivi. Milango minne. Miwili iko nyuma ya magunia, wa tatu una kofuli ambalo hata mama hajui ufunguo wake ulikokwenda. Makopo yapo matatu, yameshika kutu, sijayagusa.

Unaopitika ni mmoja tu, basi kikao kiwe hotelini. Ila siku ya kwanza tunahamisha magunia huku ghalani, kwa hiyo njooni na viatu vya kazi. Chai na asali juu yangu. Fundi, ngazi ndefu unayo au niazime?