Neno "gift": zawadi kwa Waingereza, sumu kwa Wajerumani?

Swali
Ndugu wapenzi wa lugha, katika kujifunza Kijerumani nimekutana na neno Gift, ambalo kamusi inalifasiri kuwa sumu, ilhali Waingereza huliandika vivyo hivyo wakimaanisha zawadi. Je, haya ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati tu, au ni neno moja lililoachana njiani?

Jibu la kwanza
Ni neno moja, ndugu yangu. Chimbuko lake ni kitenzi cha kale chenye maana ya kutoa, ambacho leo Wajerumani hukitamka geben na Waingereza give. Kwa hiyo gift ilikuwa kitu kinachotolewa. Maana ya sumu iliingilia mlango wa tiba: Wagiriki waliita kiasi cha dawa anachopewa mgonjwa dosis, yaani utoaji, Kilatini kikalipokea neno hilo, na Wajerumani walipolifasiri wakatumia Gift. Baina ya dawa anayopewa mtu na kile anachotiliwa kwa siri hapakuwa na masafa marefu, na nadhani watu waliona ni staha kusema "kapewa" kuliko kuitaja sumu waziwazi. Maana ya zamani bado imo katika Mitgift, mali ambayo bibi arusi hupewa na wazazi wake. Dosis hiyohiyo, kwa kupitia Kiingereza, ndiyo dozi yetu.

Jibu la pili
Naongezea kwamba katika Kiswidi, Kidenmarki na Kinorwei, gift ni sumu na pia ni sifa ya mtu aliye katika ndoa, jambo ambalo wenyewe hulifanyia mzaha, kwa kuwa binti alikuwa akitolewa na jamaa zake kwa mume. Katika Kiingereza cha kale nako gift ilikuwa mahari. Maana pana ya zawadi ilipata nguvu kutokana na lugha ya watu wa Skandinavia waliohamia Uingereza. (Tusiwacheke: nasi tunaoza mabinti na maembe yanaoza, ingawa hayo ni maneno mawili ya asili tofauti.)

Muulizaji
Ahsanteni sana. Na Waholanzi je, walio katikati?

Jibu la kwanza
Wao wametenganisha: gift ni zawadi, sumu ni gif au vergif. Wafaransa walipita njia nyingine, kwani poison yao ilitokana na potio ya Kilatini, ambayo ilikuwa kinywaji tu.